Safu Tupu ya Dawa

Kiatu kilibaki njiani na mke wangu hakujua. Tulikuwa tunarudi kutoka sokoni Rumonge, yeye mbele na beseni la majani ya sombe kichwani, mimi nyuma na kidumu cha mawese, nikaona kambambili yake ya kushoto imelala peke yake mchangani. Mwenye kiatu alikuwa anaendelea na safari. Hatua kumi, kumi na tano, mguu mmoja umevaa na mwingine uko wazi.

"Mama watoto, kiatu chako kiko wapi?"

Akashusha beseni, akautazama mguu wake muda mrefu, jinsi mtu anavyotazama mguu wa mwenzake. "Nilijua kiko," alisema. Kisha akacheka, kwa sababu watu walikuwa wanatuangalia. Mimi sikucheka. Nilirudi kukiokota.

Kabla ya siku ile alikuwa ameshaniambia mambo ambayo sikuyatilia maanani. Kwamba nyayo zinamwasha kwa ndani, mahali ambapo kucha haifiki. Kwamba akikanyaga saruji anahisi amekanyaga siafu. Kwamba soksi zinambana mpaka kwenye vifundo, na hana soksi hata moja. Nilimwambia ni uchovu, kwa kuwa anasimama kutwa nzima. Lakini mguu uliochoka bado unajua kama umevaa kiatu.

Mke wangu ni msusi. Alizaliwa upande wa pili wa ziwa, karibu na Baraka, akavuka na mama yake wakati wa vita. Mama alirudi, yeye akabaki. Mimi nilizaliwa kambi ya wakimbizi Tanzania, nikaletwa Burundi nikiwa kijana, na sasa nafundisha shule ya msingi Gatete. Yeye anasukia barazani kwetu, na wateja wanatoka mpaka Muhuta kwa ajili ya rasta zake nyembamba, zile ambazo moja haizidi unene wa uzi wa kushonea gunia. Ukimwangalia akisuka utaona haangalii vidole. Anazungumza, anawafokea watoto, anamwambia binti yetu aongeze maji kwenye maharage, na vidole vinagawa nywele tatu tatu vyenyewe. Macho hayaiwezi kazi hiyo. Ncha za vidole ndizo zinazojua.

Wiki chache baada ya kiatu, ncha za vidole nazo zikaanza kuwaka.

Nilikuwepo siku ya kwanza ilipomharibikia kazi. Ilikuwa Jumamosi, nasahihisha madaftari, na kwenye kigoda alikaa binti mmoja anayejiandaa kwa harusi ya kaka yake.

"Aa, mama! Uko unaning'oa!"

"Pole, mutoto wangu. Nywele zako ziko nyingi."

"Si nywele. Umeshika mafungu mawili pamoja. Niletee kioo." Akajitazama. "Hii ni rasta ama kamba ya kufungia mbuzi?"

Waliokuwa wakingoja zamu wakaangua kicheko, na mke wangu akacheka nao huku akifumua mstari mzima. Akasuka tena, akafumua tena. Hadi saa kumi alikuwa amemaliza nusu ya kichwa. Binti alifunga kitambaa akaenda kutafuta msusi mwingine wa kumalizia nusu iliyobaki. Mke wangu alikaa kwenye kigoda kile kile akisugua vidole kwenye kitenge, kama mtu anayefuta gundi.

"Mwalimu," aliniambia, "nikishika nywele ni kama nimevaa glavu."

Mwezi ule alikuwa na harusi kubwa ya Kizuka mbele yake, bibi harusi pamoja na wasimamizi wake wote. Alikuwa ameisubiri tangu masika. Tangu siku ile, swali la nyumba yetu lilikuwa moja tu: je, vidole vitarudi kabla ya harusi, na kama si kabla ya harusi, vitarudi lini?

Kila mtu alikuwa na jibu isipokuwa sisi. Kanisani wengine walisema ni sumu, kwamba kuna mtu amemwekea kitu kwenye chai. Wengine walisema ni damu nzito, au baridi ya ziwa imemwingia kwenye mifupa. Jirani yetu, mama mmoja anayekamua na kuuza mawese, aliingia bila kubisha, kama kawaida yake, akaikagua miguu ya mke wangu mbele ya watoto.

"Amahoro, mwalimu. Hii si sumu. Hizi ni amibe."

"Amibe ni vijidudu vya tumbo," nilisema.

"Zinaanza mu tumbo. Zikikosa nafasi zinapanda mu mishipa. Mbona wewe mwalimu hujui?" Akamgeukia mke wangu. "Mukojo iko namna gani?"

"Kama chai bila maziwa."

"Si unaona! Hizo ndizo zinatoka. Usiache kuzifukuza."

Nililiandika hilo pembeni mwa kichwa changu kama upuuzi, nikaliacha. Ningelifikiria dakika tano tu, tungeokoa miezi.

Kituo cha afya tulikwenda mara tatu. Muuguzi alikuwa mtu wa makini na sina la kumlaumu. Alipima sukari, akasema iko sawa. Alipima damu kwa kile kipimo ambacho watu hungojea majibu yake wakiwa wamesimama, nacho kikatoka salama. Alitafuta mabaka ya ukoma mgongoni na mikononi, akimpitishia pamba huku mke wangu amefumba macho. Aliuliza kama amewahi kutibiwa kifua kikuu, kwa sababu dawa zake huweza kuleta ganzi. Aliuliza kuhusu muhogo: tunauloweka siku ngapi, mchungu au mtamu? Aliuliza kuhusu pombe.

"Mimi ni mulokole," alijibu mke wangu kwa ukali.

"Hata walokole naulizaga, mama. Na dawa? Kuna dawa yoyote unakunywa?"

"Hakuna."

Nilitikisa kichwa kuunga mkono. Hakuna. Mara ya pili aliuliza vilevile na tukajibu vilevile. Mara ya tatu nilijibu mimi kabla hajamaliza swali, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuulizwa. Alimchoma sindano za vitamini, akatuambia tuwe na subira.

Subira si kipaji changu. Nilichukua daftari jipya la kurasa mia, nikalipiga mistari kwa rula na kalamu nyekundu: chakula, maji, kazi, maumivu, dawa. Kila jioni nilijaza. Niliandika kama maji yalikuwa ya bomba au ya ziwa, kwa sababu bomba letu hukauka siku nyingi kuliko linavyotoa. Niliandika alianza kuwashwa saa ngapi, ganzi imepanda mpaka wapi. Nilimpimia kwa kidole juu ya kifundo, kisha nusu ya muundi. Safu ya mwisho nilikuwa naiwekea kistari. Dawa: kistari. Dawa: kistari. Ilikuwa safu rahisi kuliko zote.

Daftari lilinipa mshitakiwa mpya kila wiki. Kwanza niliwashitaki ndagala, dagaa wetu wa ziwa, maana nilisikia wapo wauzaji wanaowapulizia dawa ya wadudu ili nzi wasitue. Tukakaa wiki mbili bila ndagala, kwenye mji ambao harufu ya ndagala ndiyo saa ya asubuhi. Miguu ilibaki vilevile. Nikaushitaki muhogo, ingawa tunauloweka siku nne na muuguzi alikuwa ameridhika. Kisha nikazishitaki meshi, zile nywele za bandia, ambazo anazichovya kwenye maji ya moto kila siku kwa mikono mitupu.

"Mwalimu," alisema siku hiyo, akaweka chini kitana, "ndagala umenikataza. Muhogo umenikataza. Sasa na kazi? Basi niletee chaki nile."

"Natafuta sababu."

"Uko unatafuta ndani ya daftari. Miguu iko hapa."

Alikuwa na haki ya kukasirika. Mimi pia nilikuwa na hasira, ila sikujua nimkasirikie nani. Unaweza kumkasirikia mwizi, unaweza kulikasirikia ziwa likipasua mtumbwi. Utaukasirikiaje mguu unaowaka bila kidonda, bila uvimbe, bila alama hata moja ya kumwonyesha mtu? Watu walianza kusema anajifanya. Mteja mmoja alimwambia usoni kwamba ni uvivu. Na harusi ya Kizuka ikapita. Ilisukwa na msusi mwingine, na jirani yetu alituletea habari, pamoja na maelezo ya jinsi mistari ilivyopinda.

Hatimaye tulikwenda hospitali, tukapokewa na daktari mmoja, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa plasta kwenye mkono. Alikuwa mtu wa kwanza kuomba daftari na kulisoma. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, foleni ikinung'unika nje.

"Mwalimu, kazi nzuri," alisema. "Lakini kuna safu moja siiamini." Akaweka kidole kwenye vistari. "Nyumba ya watoto wanne, maji ya ziwa, na wiki hizi zote hakuna mtu amemeza hata kidonge?"

"Hakuna dawa, daktari," alisema mke wangu.

"Sawa. Sikuulizi dawa. Kesho niletee kila kitu munachomeza na si chakula. Hata majani. Hata kile kinachokupa haya."

Kesho yake tulimpelekea mkebe wa maziwa ya unga tunaouweka juu ya kabati. Aliumimina mezani. Kulikuwa na vidonge vichache vya homa, sindano ya kushonea, kipande cha mshumaa, mizizi ya tumbo tuliyopewa na shangazi yangu. Vingine vyote vilikuwa plaketi za metronidazole, nyingi tupu, chache zimebaki na vidonge viwili vitatu. Daktari alizipanga mstari mmoja, kisha wa pili, kisha akaacha kupanga.

"Na hizi?"

"Hizo si dawa," alisema mke wangu. "Hizo ni za amibe."

Alisema kweli, kwa namna tunavyoishi. Ukanda huu wetu wa ziwa, tumbo likinguruma ni amibe. Ukikosa hamu ya kula ni amibe, mtoto akikonda ni amibe, mtu mzima akiwa na hasira asubuhi, amibe. Kidonge chake kiko kila nyumba, karibu na chumvi. Kwetu tulikuwa na utaratibu, na utaratibu huo niliuweka mimi: Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunaanza kusafisha tumbo. Niliona ni ustaarabu, kwa kuwa maji yetu nayajua. Watoto walimeza siku tatu wakachoka na uchungu wake. Mimi siku tano. Mke wangu alimaliza siku zake kumi, kisha akamaliza na vya watoto na vyangu, kwa sababu hawezi kuona kidonge kikitupwa.

"Tangu lini?" aliuliza daktari.

"Sijui. Nyumbani kwa mama tulikuwa tunakunywa nikiwa mudogo."

"Na miguu ilipoanza kuwaka?"

Mke wangu alinitazama, kisha akaitazama meza. "Nikaongeza. Jirani alisema zimepanda mu mishipa. Nikakunywa kila siku, asubuhi na jioni."

"Kila siku?" Hiyo ilikuwa sauti yangu. Ningeweza kujua. Mkebe ulikuwa juu ya kabati, kabati liko hatua mbili kutoka mahali ninapokaa kujaza daftari.

"Mdomoni unasikia nini?" daktari aliendelea.

"Kama nimelamba msumari."

Daktari alivua miwani. Alitueleza polepole, na namshukuru kwamba hakutucheka. Ile ni dawa nzuri ikitumiwa kwa ugonjwa wake na kwa siku zake. Ikimezwa mwezi juu ya mwezi inaweza kuumiza mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari kutoka kwenye ngozi kwenda kichwani, na huanza na iliyo mirefu zaidi. Ndiyo maana miguu hutangulia na mikono hufuata. Mkojo wa rangi ya chai ulikuwa wa dawa, na ladha ya msumari pia. Alisema hawezi kuapa kuwa ndiyo sababu pekee. Ataangalia pia figo, na damu kama ina upungufu. Lakini kidonge kile kiishe leo.

"Vidole vitarudi?" mke wangu aliuliza. Hakuuliza miguu.

"Mishipa hurudi polepole, mama. Miezi. Na mara nyingine hairudi yote. Siwezi kukudanganya."

Choo kilipimwa pia, kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu. Hakikuwa na amibe hata moja.

Muuguzi alituuliza mara tatu, kwa maneno yanayoeleweka, na mara tatu tulimjibu uongo bila kudanganya. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kama tungeficha, ningetubu na kumaliza. Hatukuficha. Tulikuwa na jambo mbele ya macho na hatukuwa na jina la kuliita. Nilipofika nyumbani nilifungua daftari nikatazama vile vistari vyangu vilivyonyooka kwa rula, nikatamani kulichana. Sikulichana. Nilianza ukurasa mpya.

Jirani alipopata habari alikuja na mikono kiunoni.

"Daktari huyo katoka wapi?"

"Gitega, nadhani," nilisema.

"Basi! Watu wa milimani. Kule hawana ziwa, watajua amibe wapi? Mwalimu, utaona. Zitamumaliza."

Nilimweleza. Nilimchorea hata mshipa kwa kijiti mchangani, kutoka kiunoni hadi kidole gumba. Alinisikiliza kwa heshima anayonipa kila mara, akashukuru, murakoze, na kesho yake nikamwona akimpa mjukuu wake nusu kidonge kwa kijiko cha sukari.

Mwezi wa kwanza bila vidonge hakukuwa na nafuu. Nilidhani hata maumivu yameongezeka, na mke wangu aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Mwezi wa tatu ladha ya msumari ilikuwa imesahaulika na ganzi ilikuwa imeshuka kutoka muundi hadi kifundo. Mwezi wa tano aliweza kusuka mistari minene ya watoto wa shule. Rasta nyembamba bado. Jioni nyingine anamketisha binti yetu, anafumba macho na kushika fungu la nywele.

"Ngapi?" anauliza.

"Wewe sema kwanza," binti anajibu.

"Tatu."

"Nne, mama."

Naandika nne kwenye daftari.

Kisha mama mkwe wangu akaja. Alikuwa amesikia kule Baraka kwamba mwanawe anaumwa, akapanda boti na mzigo wake. Tulimpokea bandarini asubuhi. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyotarajia. Alitembea miguu imepanuka, akiangalia chini kila hatua, akiijaribu ardhi kama mtu anayevuka daraja la miti. Nilidhani ni mtikisiko wa boti. Yeye na mke wangu walitangulia wameshikana mikono, wanacheka, mimi nikafuata na mfuko wake begani.

Karibu na kona ya kwetu niliiona. Kambambili ya buluu, ya mguu wa kulia, imelala mchangani peke yake.

Niliiokota. Mkwe hamsemeshi mama mkwe habari za miguu yake, kwa hiyo niliishika tu mkononi mpaka nyumbani, huku nikiuangalia ule mguu mkavu ukikanyaga mawe bila kusita.

Barazani, hata kabla ya maji ya kunywa, mama mkwe alifungua mfuko. Alitoa mikebuka, samaki wakavu wa ziwa, akatoa maharage, na mwisho kabisa mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili.

"Nilisikia amibe zinakusumbua, mutoto wangu. Vidonge vya huku Burundi haviko na nguvu. Nimekuletea vya kwetu."

Plaketi zilikuwa nyingi, na mpya.

Mke wangu aliupokea mfuko kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akasema asante. Kisha akaniangalia. Akaiona kambambili mkononi mwangu. Akashusha macho mpaka kwenye mguu wa mama yake, ulio wazi na mweupe kwa vumbi.

"Mama, keti kwanza," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Siku hizi unakunywa dawa gani?"

"Mimi?" Mama mkwe alicheka, akapunga mkono kama anafukuza nzi. "Mimi hakuna dawa. Mimi niko muzima."

Niliiweka kambambili chini mbele yake. Hakuiona. Mke wangu ndiye aliyepiga magoti, akaukamata mguu wa mama yake, akaanza kumvisha, na vidole vyake viliitafuta ile kamba mara tatu kabla ya kuipata.